Msimu Kaka Shija Alipoingia Darasani Kwetu

Msimu wa pamba ulipofika, mtaa wetu wote wa Ngokolo ulinuka mashudu, makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa. Kiwanda cha kukamua mafuta kilikuwa mbali na kwetu, lakini upepo wa kiangazi ulituletea harufu ile nzito, kama ya karanga zilizoungulia chunguni, ikaingia kwenye sare za shule zilizoanikwa kambani, kwenye maji ya mtungi, hata kwenye nywele. Ni katika msimu huo, nikiwa kidato cha pili, kaka yangu Shija aliporudi nyumbani. Alikuwa ameondoka kijana wa mabega mapana kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Alirudi amefuatana na mama, aliyekwenda kumchukua Mwanza, akitembea polepole kama mtu aliyeinuka kitandani baada ya homa ndefu. Na kweli alikuwa ameugua. Kule machimboni alizoea unga, yaani heroini, na ilimbidi akae hospitali huko Mwanza, kisha katika nyumba ya kuwasaidia waraibu, kwa miezi mingi, hadi mwili wake ulipokubali kuishi bila hiyo.

Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa. Mama aliwaambia watu kwamba Shija alipata ugonjwa wa kifua kwa vumbi la duarani, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Majirani waliitikia pole, kisha wakaingiza sufuria zao ndani kila alipopita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema anayeyafichua aishi vipi na majirani. Shija alishinda uani akimenya viazi vitamu vya kukausha michembe, kisu kikitetemeka kidogo mkononi mwake, nami nikitoka shule nilikaa karibu naye nikipanga vipande juani. Siku akicheka, mama alisimama mlangoni kusikiliza.

Shuleni tulikuwa tumeshafundishwa habari za dawa za kulevya, ila kwa namna yake. Mgeni mmoja alisimama mbele ya mstari wa asubuhi akatufokea kwamba ukivuta bangi mara moja tu utavua nguo barabarani. Wavulana walicheka viganjani. Walikuwa na wajomba waliovuta jioni na asubuhi wakaenda kulima, kwa hiyo walichokisikia siku ile ni kwamba watu wazima hudanganya. Mwalimu Milembe, mama wa makamo aliyetufundisha baiolojia, aliviona vicheko vile, na nadhani ndivyo vilivyomleta kwetu Jumamosi moja.

“Mama Shija, nimekuja kumwomba kijana aje azungumze na darasa langu,” alisema, baada ya salamu ndefu na kikombe cha uji.

Mama aliuweka ungo chini. “Nduhu, mwalimu,” alisema. Alipokataa jambo kabisa, Kiswahili kilimtoka na Kisukuma kikaingia. “Mwanangu si kinyago cha kuonyeshwa watu. Na huyu mdogo wake atakaaje humo darasani?”

Wote walinigeukia. Shija akaweka kisu chini. “Mama, watu wanajua. Wasichojua ni jinsi ilivyokuwa.” Kisha akaniambia mimi, “Minza, ukisema nisije, sitakuja.”

Akilini niliyaona macho ya darasa zima juu yangu. Nikauona na mkono wake, umetulia juu ya paja kwa mara ya kwanza tangu arudi. “Njoo,” nilisema. “Ila uvae lile shati la bluu.” Mama aliingia jikoni. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta akilipiga shati hilo pasi ya mkaa, akirudia kola mara kwa mara ingawa ilikuwa imeshanyooka.

Darasani Shija hakusimama mbele, aliketi juu ya dawati. Mvulana mmoja alimuuliza bila aibu, “Kaka, ilikuwa tamu?” Mwalimu Milembe alikohoa, lakini Shija alijibu. “Mwanzoni, ndiyo. Nikiwaambia haikuwa tamu mtajua nawadanganya. Duarani kuna woga na uchovu, nayo iliviondoa vyote viwili. Baadaye utamu ukaisha. Nikawa naitafuta ili nisiumwe tu, nikamwibia hadi mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja.” Hakuna aliyecheka. Kisha akauliza nani ana hakika hawezi kushawishika, na Masele, kiranja wetu mwenye sauti nzito, akainuka.

Shija alimsogelea bega kwa bega, akijifanya mchimbaji mwenzake, sauti ikawa ya upole. “Masele ndugu yangu, umechoka sana leo. Kifusi kilipokuangukia si mimi niliyekuvuta? Nikupe kitu kibaya, mimi?” Masele alifungua mdomo, maneno yasitoke. “Umeona?” Shija alisema. “Adui ungemkataa. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinakula huku kimekukumbatia. Aliyenipa mimi alinipenda.” Kipindi kilichobaki tulifanya mazoezi wawili wawili, kumkataa rafiki bila kumtukana, na kuondoka kabla ubishi haujaanza.

Kengele ilipolia Masele alibaki. “Kaka, na mtu akishaanza?”

“Wewe, au mtu mwingine?”

Masele alitazama viatu vyake. “Mimi. Vidonge. Tangu likizo, nilipokwenda kwa mjomba machimboni.”

Shija hakushtuka. “Umesema mapema, hilo ni jambo kubwa. Twende kwa mama yako. Mimi nitaanza kusema, wewe utamalizia.” Mwalimu Milembe aliacha madaftari mezani akafuatana nao hadi nyumbani, na baadaye hadi hospitali. Muhula uliofuata Masele alikuwa nasi, mkimya zaidi, lakini yupo. Njia ya Shija haikunyooka hivyo. Aliteleza mwaka uliofuata, akarudi Mwanza, akaanza upya, na mara hiyo mama hakumsingizia kifua. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Mhunze, baba wa watoto wawili wanaompigia kelele kutwa.

Mimi sasa ni mwalimu katika mji wa Ushirombo. Siwezi kusema mambo yamekuwa mepesi. Machimbo yameongezeka, na vidonge hupita mikononi mwa watoto kwa urahisi ambao sisi hatukuujua. Lakini hakuna anayewafokea wanafunzi wangu mstarini. Wanauliza, tunajibu, na wanaoumwa tunawapeleka kutibiwa. Mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha sokoni, katikati ya wauza nyanya, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, “Mwalimu, shikamoo yako nitaiitikia baadaye. Mwanangu anatumia. Nimlete lini?” Maneno hayo mama yangu hakuweza kumwambia hata dada yake wa tumbo moja, mlango ukiwa umefungwa. Nilimshika mkono nikamwambia, “Mlete leo.”