Seli za Bibi Tabitha

Aikaeli, jirani yetu hapa Old Moshi, ana kazi ambayo hata mimi, pamoja na ujuaji wangu, ilinichukua muda kuielewa. Anashinda kwenye maabara mjini akitazama seli za ngozi. Hazitazami moja moja, anatazama kundi zima. Anasema zikibanana hukwama kama watu mlangoni mwa kanisa, lakini ukikwaruza nafasi katikati yao, zote husukumana na kuvutana kwenda pale mpaka pazibe. Mwendo huo anauiga kwenye kompyuta, ili siku moja daktari ajue mapema kidonda kipi kitapona.

Seli zenyewe alimwomba bibi yake mzaa mama, Bibi Tabitha: kipande kidogo tu cha ngozi ya mkono. Bibi alicheka. "Chukua, mjukuu wangu, bado ninayo nyingi." Mwaka uliofuata akafariki, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba yake.

Seli hazikufa. Kwenye kabati la joto kule mjini ziliendelea kuzaana na kuziba mikwaruzo. Tena zilikuwa na tabia: kabla ya kwenda mbele, zote zilipinda kidogo kushoto. Bibi naye alitembea hivyohivyo, akivuta nyonga. Mimi sisemi kitu, ila niliposikia nywele zilinisimama.

Mama yake Aikaeli, Veronika, alipoambiwa aliacha kula. Sisi mtu wetu akifia hata Mtwara tutamleta, alale nyumbani mwili wake ukiwa kamili.

"Kumbe mama yangu nimemzika nusu?" alilia. "Mlete, Aikaeli. Sitatulia mpaka umlete."

Kabla ya kuletwa ilibidi seli ziuawe, maana hakizikwi kilicho hai. Aikaeli alizimwagia dawa mwenyewe, akazitazama kwenye hadubini zikisinyaa. Alikuja nazo kwenye kichupa, tukachimba kando ya kaburi, mwinjilisti akaomba. Nilimwonea huruma yule binti. Alimzika bibi yake mara mbili, na mara ya pili alimuua yeye mwenyewe.

Veronika hakuridhika. Juma lililofuata alinichukua tukashuka mjini kuhakikisha. Kabati lilikuwa tupu. Akashusha pumzi, akageuka kuondoka, na hapo ndipo alipoiona kompyuta.

Kwenye kioo, maelfu ya nukta yalikuwa yakisogea kuziba ufa. Kwanza yalipinda kushoto.

"Huo ni mfano tu, mama," Aikaeli alisema harakaharaka. "Ni hesabu. Nilipima mwendo wa zile seli, nikaipa kompyuta iuige. Humo hamna seli hata moja."

Veronika alikaza kitenge chake, akainama kidogo mbele ya kioo.

"Shikamoo, mama."

Mimi nilitamani kukimbia, nasema kweli.

"Niifute?" Aikaeli aliuliza. Ile ndiyo ilikuwa kazi yake yote.

"Umuue tena?" Veronika alivuta kiti, akaketi akizitazama zile nukta. "Nendeni nyinyi. Mimi simwachi peke yake."