Kwale wa Saa Sita

Harufu ya majani yaliyooza baada ya mvua siivumilii, jamani, na bado ni mimi mwenyewe niliyehamia mtaa wa Auderghem huku ughaibuni, hatua chache tu kutoka msituni. Kila Jumapili mzungu mmoja hupita hapo na darubini shingoni, nami hutamani kumwambia arudi kwake.

Baba yangu alikuwa akiongoza wazungu wapenda ndege katika misitu ya mto Elila, siku mbili kwa mtumbwi kutoka kwetu. Nilipokuwa na miaka tisa walimu waligoma, akanichukua. Wageni walikuwa wawili, mume na mke, watu wapole, wakitiririkwa na jasho na kushangilia kila unyoya. Baba alijua kumwita kwale kwa mluzi, na kwale akaitika, akaja mwenyewe. Mluzi ule nilikuwa nimejifunza kwa kuibia, nikawa natafuta tu nafasi ya kujionyesha. Nilikuwa na kiherehere mimi, nakiri.

Siku ya tatu, jua la utosi, kwale alilia ng'ambo ya kichaka. Nikamjibu kabla ya Baba. Akaitika. Nikampigia tena, kichwa kimenivimba.

Baba aligeuka, midomo imemkauka. Kwale wa kwetu hulia alfajiri na jioni. Saa sita mchana hunyamaza. Waliokuwa wakiitana mle kichakani walikuwa watu wenye bunduki.

"Peleka hawa ku pirogue," alininong'oneza. "Pole pole. Usigeuke nyuma."

"Na wewe, papa?"

"Nyamaza, mutoto."

Akashika njia nyingine, akipiga mluzi wa kwale kwa nguvu, tena na tena. Nilikasirika. Nilidhani ameninyang'anya ndege wangu. Tulifika mtumbwini ningali nausikia mluzi wake ukienda mbali, kisha risasi mbili, kisha kimya. Hata kumzika hatukumzika.

Nyumbani nilisema watu wale walitushtukiza tu. Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Baba alipiga mluzi ili waamini ni yeye aliyewajibu tangu mwanzo, wamfuate yeye na kutuacha sisi. Iliniuma mno. Mwaka jana, jikoni kwa Mama, mtaa wa Forest mjini humu humu, nilishindwa kuvumilia.

"Maman, siku ile ni mimi nilipiga mluzi."

Mama aliendelea kumenya ndizi.

"Nilijua. Yule madame aliniambia siku mulirudi. Nikamuomba asiambie muntu mwingine."

Msiba mzima alinipakata mapajani, akinilisha kwa mkono wake, na tayari alikuwa anajua.