Miaka Tisa ya Emérita

Mwaka 2011, siku ya kuandikisha wapiga kura huko Kalembe, mashariki mwa Kongo, Emérita Nyirabagenzi alijiongezea miaka tisa. Foleni ilikuwa ndefu, maharagi yake yalikuwa yakingoja palizi, na karani alikuwa ametangaza kwamba wenye miaka sitini na zaidi watangulie. Emérita, mjane wa miaka hamsini na mitatu, akatoka kwenye foleni akapita mbele.

"We Mama, na ule mugongo wa kubeba mihogo, uko muzee wapi?" mwanamume mmoja akamtania.

"Hesabu wajukuu wangu kwanza, njo uniite kijana!"

Watu wakacheka. Karani akaandika kuwa alizaliwa 1949. Kabla ya saa sita Emérita alikuwa shambani.

Hakulifikiria tena jambo hilo. Alilima mlima uleule, akakimbia vita mara mbili na kurudi mara mbili, akamsomesha binti yake Myriam kwa maharagi hadi binti akaolewa Ubelgiji. Kadi ile ya kura, ambayo kwao ndiyo kitambulisho, ndiyo iliyompatia pasipoti yenye mwaka uleule wa 1949. Januari 2020 akafika Liège kumlea Myriam, aliyekuwa amejifungua. Alikuja na bima ya afya ya miezi mitatu, kwa sababu bila bima hakuna viza.

Machi, ndege zikasimama kwa ajili ya Korona. Bima ilikuwa imebakiza wiki mbili. Myriam akapiga simu kwenye ofisi ya bima, kisha akaja jikoni amebadilika uso.

"Mama, wanasema mwenye kupita miaka makumi saba hawamuongezee bila karatasi ya munganga. Nikawaambia mama yangu iko na makumi sita na mbili. Wakanisomea pasipoti."

Emérita aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasimulia habari ya foleni, bila kuinua macho. Binti huyu ndiye ambaye yeye Emérita alimchapa zamani kwa kusema uongo juu ya kipande cha sukari.

"Hatuwezi kuirekebisha hiyo pasipoti?" Emérita akauliza.

"Wapi, Mama? Mipaka imefungwa. Watasema pasipoti yote ni ya uongo, na viza pia."

Basi wakaenda kwa daktari na umri ule wa kwenye pasipoti. Emérita hakumwambia mtu kwamba tangu Februari ngazi za ghorofa zilikuwa zikimkata pumzi. Alidhani ni baridi.

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye barakoa. Alipima, akasikiliza kifua, akasema maneno machache kwa Kifaransa. Myriam akatafsiri.

"Anasema moyo imechoka. Lakini kwa muntu wa makumi saba na moja, ni kawaida. Anatia sahihi."

Wakatoka na karatasi. Kwenye korido hakuna aliyefurahi.

"Na kwa muntu wa makumi sita na mbili?" Emérita akauliza.

"Sikumuuliza."

"Rudi umuulize."

"Mama, ataichukua karatasi! Utabaki bila asiransi, bila bima, na hii ugonjwa inamaliza wazee kila siku."

"Wazee gani? Mimi nilikuwa muzee asubuhi moja tu." Akaegemea ukuta, pumzi ikimpanda. "Ile karatasi inawaambia watu wa bima niko muzima. Moyo haisomake karatasi. Twende."

Walirudi. Myriam alieleza kwa muda mrefu, kichwa chini, kama mtoto anayeungama kosa la mwenzake. Daktari hakukemea. Alinyoosha mkono, na Emérita mwenyewe akampa karatasi. Daktari akaiweka mezani, maandishi yakiangalia chini, akavaa tena kipimo chake masikioni.

"Vuta pumzi, Mama," Myriam akatafsiri.

Emérita akavuta. Daktari akasikiliza, akahamisha kile chuma baridi mgongoni, akasikiliza tena, muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza.