Makayabo Kabla ya Kupima Damu

"Moyo ikichoka, inamwambiaka nani?"

Aliyeuliza ni tantine, mdogo wake mama, aliyenilea tangu tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini, Kongo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la maabara moja mjini Mbarara, mkono wa gauni umekunjwa, akinitazama mimi badala ya kijana mwenye sindano. Mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu. Mimi ndiye niliyemuuliza mchungaji kwa nini mvua inanyesha hata kwenye mashamba ya wasiosali.

Kilichotuleta hapo ni pumzi. Kwa miezi kadhaa tantine, kiongozi wa kwaya huko Kashojwa, mtaa wetu kambini, alikuwa akikatiza nyimbo katikati. Usiku alilala nusu ameketi, na jioni miguu ilivimba hadi viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Kituo cha afya kilimtibu pumu. Nikauliza: pumu gani hii inayovimbisha miguu? Nikaambiwa nina maneno mengi. Basi nikamleta Mbarara, kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Ruti, na daktari mmoja akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa moyo," alisema. "Kuna kipimo cha damu. Moyo ukilemewa na kuvutika, unamwaga kitu fulani kwenye damu. Tukikikuta kingi, tutaupiga picha. Kama shida ni milango ya moyo, huenda akahitaji upasuaji Kampala."

Katika maneno yote hayo tantine alisikia neno moja.

"Banipasule kifua? Na sauti itabakia fasi gani?"

Pasaka ilikuwa inakaribia, na kwake kifua kilichofunguliwa kilikuwa kama ngoma iliyopasuliwa ngozi. Akaomba arudi nyumbani kwanza, waimbaji wenzake wamwombee, ndipo atoe damu.

Wenzake waliomba, kisha wakapika. Kwetu mtu hapelekwi kwa daktari akiwa na njaa. Wageni watasema alitupwa na watu wake. Jioni ya kabla ya safari walijaa nyumbani na sufuria zao: bugali ya muhogo, sombe ya majani yake, na makayabo, yule samaki mkavu wa chumvi ambaye kwetu ndiye chakula cha heshima.

"Kula, mama," mmoja akamsukumia sahani. "Damu yako isionekane ya mukimbizi."

"Mna hakika samaki anaingia kwenye damu?" niliuliza.

"Njo bile banakufundishaka kule chuo? Sasa samaki inaendaka wapi, ku nywele?"

Wakacheka wote, na tantine akacheka hadi akakohoa. Nikala nami, maana mashaka hayajawahi kuninyima hamu ya kula.

Asubuhi tulipopita mji wa Kaberebere kuelekea Mbarara alikuwa akihema kama aliyepanda mlima na ndoo kichwani. Mapajani alikuwa na bakuli lililofungwa kwa kitenge: makayabo yaliyobaki. Alikuwa ameshayapunguza njiani.

Yule kijana wa maabara alikulia kwenye kambi ya jeshi, baba yake akiwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Aliitazama miguu ya tantine, akamwita nyabo, yaani mama.

"Nyabo, jana wewe ulikula nini?"

"Makayabo."

"Ile ya chumvi?"

"Kwani kuna ingine?"

Ilibidi aweke sindano chini ndipo acheke. "Nyinyi watu ya Kongo mtaniua!" Kisha akatoa damu taratibu, akamweleza kwamba anatafuta kile kitu ambacho moyo unatoa ukichoka. Hapo ndipo tantine aliponiuliza moyo unamwambia nani. Nikamwonyesha kijana kwa kidevu, naye akamgeukia.

"Mimi napima tu, nyabo. Uliza musomi yako."

Majibu yakatoka: kile kitu kilikuwa kingi, mbali juu ya kawaida. Tantine alinishika mkono, akakataa kuuachia hata alipolazwa kwenye kitanda cha picha. Mashine ilikuwa ya aina ile wanayopimia wajawazito.

"Mutoto ni mwanaume?" alimuuliza daktari.

Daktari alitabasamu, akaendelea kutazama. Halafu akasema, "Milango yote mizima. Msuli ndio umechoka, kwa presha ya miaka mingi. Hatupasui."

"Hamupasue?"

"Hatupasui. Ni vidonge, na chumvi uiage."

Tantine aliinua mikono akaanza wimbo pale pale kitandani. Pumzi ikamkatikia kwenye mstari wa pili, na daktari akamwamuru alale.

Mimi sikuridhika. Nilimfuata daktari hadi mlangoni. Je, kama ni samaki tu ndiye aliyepandisha kile kipimo?

"Samaki alizidisha," alisema. "Hakuanzisha."

"Na utajuaje?"

"Ameze dawa, kisha tupime tena, wewe mwenyewe ukiwepo."

Tulipima tena wiki chache baadaye. Kile kitu kilikuwa kimeshuka sana, na miguu ilikuwa imerudi kwenye viatu. Nikaamini, kwa shingo upande. Wanakwaya walipoonja chakula kisicho na chumvi walikiita bugali ya wafungwa, lakini walikipika. Siku ya Pasaka tantine aliwekewa kiti mbele ya kwaya. Alikikalia wimbo mmoja, akakisogeza kwa mguu, akaimbisha zilizobaki akiwa amesimama.

Ni muda mrefu baada ya kumaliza chuo ndipo nilipokutana tena na kitu kile, na jibu la swali la tantine, safari hii kitabuni. Kitabu kilieleza kwamba moyo uliolemewa unapokitoa, damu hukifikisha hadi kwenye figo, na mojawapo ya kazi zake huko ni kuzihimiza zitoe chumvi na maji mwilini.