Kondoo wa Kuombea Ruhusa

Mpango wa maisha yangu aliupanga baba nikiwa bado nanyonya. Alikuwa mwalimu wa jiografia, sasa amestaafu, na walimu wa kizazi chake hawakuamini kwamba mtoto anaweza kukua bila ratiba. Kidato cha sita, chuo kikuu, ofisi yenye feni, harusi kanisani, basi. Niliufuata bila ubishi hadi chuo kikuu. Nikasoma usimamizi wa rasilimali watu, nikahitimu, nikapigwa picha na joho, nikarudi nyumbani Kimandolu kuwasubiri hao watu wa kusimamiwa.

Hawakuja. Niliomba kazi kila mahali penye geti na mlinzi. Mwishowe mtu pekee niliyemsimamia alikuwa mimi mwenyewe, na nasema bila aibu kwamba alikuwa mfanyakazi mkaidi, anachelewa kuamka na ana mdomo. Baba aliniambia nivute subira. Subira sikuzaliwa nayo. Hata maji ya chai nikiyabandika jikoni huwa nafunua sufuria kila mara kuona kama yameanza kuchemka.

Ndipo nikaamua kupanga upya, na safari hii nikaanzia mwisho. Badala ya kujiuliza nimesoma nini, nikauliza huko ninakotaka kufika wanamhitaji nani. Nilitaka kwenda Kanada. Sababu yenyewe haina heshima: niliona picha ya mtu niliyesoma naye sekondari amesimama kwenye theluji, amenenepa, nikasema kama yule ameweza mimi nashindwaje. Nikakaa na simu kusoma wanatafuta mafundi gani. Wahudumu wa wazee nikawaruka, kwa sababu najijua. Mzee wa watu angelalamika chai imepoa na mimi ningemjibu. Madereva wa malori nikawaruka pia, maana niliwahi kurudisha nyuma pikapu ya kwaya, na ukuta wa jirani bado una alama. Chini kabisa nikakuta wakata nyama. Si wachinjaji, wakataji; mtu wa kusimama na kisu mbele ya mnyama mzima aliyekwisha kuchunwa na kumgawa vipande vya kueleweka. Nikaona hapo ndipo pangu. Nyama naipenda, na hasira ninazo za kutosha.

Baba hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza kama alinisomesha chuo kikuu ili niwe muuza bucha. Nikamwambia si muuza, ni mkataji. Akavaa miwani tena na kurudia gazeti, na kwa baba hiyo ndiyo namna ya kufunga mlango.

Nikaenda hivyo hivyo. Jirani na kwetu kulikuwa na bucha kubwa ya mama mmoja kutoka Kilimanjaro, aliyekuwa akipeleka nyama kwenye hoteli za watalii. Aliniuliza elimu yangu, nikamtajia, akanitazama kwa huzuni na kunipa ndoo ya utumbo nioshe. Niliosha utumbo kwa muda mrefu kuliko nilivyosoma takwimu, na niliuelewa zaidi. Baadaye nikapewa kisu, kisha msumeno wa mkono, kisha sarara, ile nyama laini ya mgongoni ambayo mkono wa kitoto hauruhusiwi kuigusa. Wateja walinitesa mwanzoni. Kuna mteja mmoja aliyesimama mbele yangu, kisu ninacho mkononi, akaniomba nimwitie fundi. Nikamwambia anaye. Akachukua kilo yake, na tangu hapo akawa haniombi hata kuongezewa kipande.

Usiku nilisoma Kiingereza cha mtihani na kutazama video za namna wanavyokata kule. Nilikuwa na mpango sasa, mpango wangu mwenyewe: cheti, uzoefu wa kazi, mtihani wa lugha, maombi. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ikilala chumba cha pili na kukoroma. Baba alikuwa haongelei kazi yangu kabisa. Alivuka barabara ili asipite mbele ya bucha. Nyama ya nyumbani alikuwa akiifuata hadi Maji ya Chai, akidai ya kule ina ladha, ilimradi asihudumiwe na binti yake. Kanisani alipoulizwa nafanya nini, alijibu kwamba nipo kwenye mnyororo wa thamani wa mifugo.

Ningeweza kuondoka bila ruhusa yake. Nilikuwa mtu mzima, pasipoti yangu, miguu yangu. Lakini nilitaka aseme ndiyo. Nililitaka neno hilo kwa kiasi kilichoniudhi mimi mwenyewe, na kila nilipomwuliza alisema kitu kilekile: nenda kwa babu yako, akikubali yeye, mimi sina neno. Alijua anachofanya. Babu, baba yake mzazi, yuko Oldonyo Sambu na ng'ombe na mahindi yake, na hajawahi kukubali jambo lolote kabla ya kulitazama kwa macho.

Nikampelekea babu ombi langu, akajibu kupitia simu ya jirani kwamba hawezi kubariki kazi asiyoijua. Nije nimwoneshe. Kondoo atatoa yeye, na wazee atawaita, ili niombewe palepale nikifaulu. Nilifurahi mno, kwa sababu wale watu wa Kanada niliokuwa nimewatumia maombi ya kazi nao walikuwa wameniomba video nikikata mnyama mzima, na yule mama wa bucha hakutaka kamera kwenye nyama ya hoteli. Nikaona nimepata kondoo mmoja wa kazi mbili. Nilijipongeza sana kwa akili hiyo.

Tukapanda kwenda kwa babu, mimi na baba, siku ya Jumamosi. Niliinamisha kichwa mbele ya babu, akanigusa utosini, nikasema shikamoo kwa wazee wote mmoja mmoja. Vijana wa boma walikuwa wamekwisha kuchinja na kuchuna, kondoo ananing'inia kwenye boriti ya zizi. Bibi alikuwa na chungu cha loshoro jikoni, mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Nikavaa aproni nyeupe na gambuti nyeupe, mavazi ambayo vumbi la Oldonyo Sambu liliyaona kama tusi na kuyashughulikia mara moja. Simu nikampa baba. Nikamwomba kitu kimoja tu: apige picha na asiongee.

Akaongea. Mwalimu ni mwalimu. Video ile inaanza na sauti yake ikisema kwamba hapa tupo kaskazini magharibi mwa Mlima Meru, upande wa kivuli cha mvua, ndiyo maana mnaona ardhi ni kavu. Nikamkazia jicho. Akanyamaza, nami nikaanza.

Nilikata vizuri siku ile. Bado nasema hivyo na nitaendelea kusema. Kisu kilifuata msuli, msumeno ulipita palepale nilipoutuma, mbavu nikazitoa vipande sawasawa, kila kimoja na kifupa chake cha kushikia. Wazee walikuwa kimya kabisa, wameegemea fimbo zao, na mimi nikauchukua ule ukimya kama sifa. Nilipomaliza nikapanga kila kitu kwenye masinia kwa aina: vipande vya mbavu pamoja, vya mapaja pamoja, visivyo na mfupa pembeni. Nikafuta kisu na kungoja.

Babu akasogea, akatazama sinia la kwanza, la pili, la tatu.

"Kidari changu kiko wapi?"

Nikamwonesha. Kipande chake kimoja kilikuwa hapa, kingine pale, na kingine nilikuwa nimekitoa mfupa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Katika ukoo wetu kondoo akichinjwa kwa ajili ya baraka, kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha babu na wa rika lake. Mbavu za kulia ni za ndugu zake, za kushoto ni za wakwe. Mkia wenye mafuta ni wa bibi na wanawake wanaonyonyesha, shingo ni ya vijana waliochinja. Haya nilikuwa nayajua tangu utotoni, maana nimeyala. Lakini kichwani mwangu ile ilikuwa mila na hii ilikuwa kazi, na niliviweka mbali kama nguo za kanisani na za shambani. Sasa mbavu za kulia na za kushoto zilikuwa zimelala sinia moja, zote zimenyooka, zote safi, na hata mama aliyezizaa asingeweza kuzitofautisha.

Mzee mmoja, mkwe wetu, alisema kwa upole kwamba yeye samahani hatakula, asije akala ubavu wa mtu. Wa pili akasema vivyo hivyo. Moto ulikuwa umewaka vizuri, watu wana njaa, nyama ipo tele, na hakuna aliyeweza kutia hata kipande kimoja mdomoni.

Babu akaagiza ngozi iletwe. Wakaitandaza chini, manyoya kwa chini, na wazee wakachuchumaa kuizunguka wakaanza kumrudisha kondoo. Sijawahi kuona kazi ikifanywa kwa makini namna ile. Walichukua kipande, wakakigeuza, wakakipima na jirani yake, wakakitoa tena. Yule mkwe alikuwa akiinua kila ubavu juani na kufumba jicho moja. Wawili waligombana juu ya bega hadi mmoja akatishia kwenda nyumbani. Baba alikuwa bado amenyoosha simu, anapiga picha, maana hakuna aliyemwambia aache. Walipomaliza, kondoo wao alikuwa na mbavu nyingi kushoto kuliko kulia, na shingo yake ilielekea Longido.

Nikakasirika. Njaa ilichangia. Nikasema, kwa sauti ambayo haifai mbele ya wazee, kwamba nyama ni nyama, na huko ninakokwenda hakuna anayeuliza ubavu huu ni wa nani.

Babu hakukasirika. Aliniuliza tu huko mimi nitakuwa nakula kipande gani. Nikamjibu nitanunua. Wazee wakatazamana, na nikaona wazi kwamba wananionea huruma, jambo lililonikasirisha zaidi.

Basi wakagawana kama ngozi ilivyoonesha, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto, na zile mbavu zilizozidi zikapewa wanawake, ambao hawakuuliza swali. Watu wakaanza kula. Mimi nilibaki pale na aproni yangu chafu, najua nimefeli, natafuta namna ya kumwambia baba turudi mjini kabla hajapata nafasi ya kunyamaza kwa ushindi.

Babu akachukua kipande kimoja cha paja, akakiweka pembeni juu ya ncha ya ngozi. Akauliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi:

"Huyu akiondoka, fungu lake atamlia nani?"

Sikumwelewa haraka, kwa sababu sikuwahi kusikia likiulizwa kwa ajili ya msichana. Kwetu mtu akiwa mbali hafutwi kwenye mgawo. Linakatwa fungu lake, na mmoja anajitolea kulila kwa niaba yake na kumpa habari kwamba limeliwa. Ilikuwa kwa wavulana waliokwenda migodini au jeshini. Msichana aliolewa tu, akala alikoolewa. Babu alikuwa amekwisha kukubali. Alichouliza ni utaratibu.

Nilitegemea bibi ajibu. Aliyejibu ni baba. Alikuwa ameishusha simu, bado inarekodi, na kwenye video yale maneno yanasikika huku picha ikionesha viatu vyake.

"Mimi. Nitamlia mimi."

Akainama, akachukua kile kipande, akakichoma mwenyewe, akakila chote bila kunitazama. Ndilo neno nililolitafuta miaka yote ile, na lilipokuja halikunifurahisha hata kidogo, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba naondoka kweli. Nililia. Nilijifuta na aproni, vumbi likawa tope, na bibi akanipa bakuli la loshoro kana kwamba nimeanguka kwenye baiskeli.

Video niliituma ilivyo, kwa sababu kondoo wa pili sikuwa naye. Yule mtu wa Kanada alisifia mikato, kisha akauliza wale wazee waliokuja kukagua mwishoni ni wa idara gani. Nikamjibu ni wakaguzi wetu, na ni wakali sana. Nikapata kazi.

Huku Kanada ninakata bega. Siku nzima mabega, ya kulia na ya kushoto, yanapita mbele yangu kwenye mkanda mmoja, na yakishapita sijui yanaliwa na nani. Nina nyumba yenye joto na friji imejaa. Krismasi iliyopita baba alinipigia kutoka Oldonyo Sambu, nyuma yake nasikia watu na mbuzi. Aliniambia wamechinja, wote wazima, babu anasalimu, na kwamba fungu langu analo mkononi.

"Mwaka huu lina mfupa mwingi, mama," alisema. "Na meno yangu yameanza kukataa. Waambie hao wakuruhusu, uje ule mwenyewe."

Nikamwambia nitawaambia. Akaendelea kutafuna, nami nikabaki nimeshika simu nikimsikiliza, hadi alipomaliza.