Walifuta Sauti ya Mama Yangu Mchana Kweupe

Kitendawili! Nimeletewa chakula kibichi, nimekipika kwa vidole, moto sijawasha.

Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimechukua Tukuyu.

Jibu ni programu ya kompyuta. Kuna zinazokuja kama unga wa dukani, unafungua unakula. Na kuna zinazokuja punje, maandishi ghafi tu, unasaga mwenyewe kwa kuandika amri. Hizo za punje ndizo zimenifanya nimnunie mume wangu, mzee Yotamu, mpaka majirani hapa Ilomba wameuliza.

Kompyuta aliileta mwanangu Lugano kutoka Iringa. Haina Windows, ina Linux. Ndani yake kulikuwa na sauti ya marehemu mama yangu akitega vitendawili. Nakala moja tu, duniani kote. Ila siku aliporekodiwa mvua ilipiga bati, mama hasikiki vizuri.

Mzee akamwita fundi Jofrey aweke programu ya kuondoa kelele. Jofrey akaleta ile ya punje, akaanza kuisaga.

Ikagoma. Makosa yakashuka kwenye kioo kama siafu.

"Usihofu mzee, hii ndogo sana," Jofrey akajitapa. "Nafuta folda yote, tunaanza upya."

Mimi nilikuwa jikoni na mke wa Lugano, Tusekile. Kazi yake ni kompyuta hizohizo! Lakini kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hampazii sauti. Neno lolote napeleka mimi.

"Mama, kimbia ukaulize programu ameifungulia wapi," Tusekile akanihimiza.

Nikaenda, nikarudi. "Humohumo kwenye folda yenye sauti ya bibi."

Tusekile akatupa mwiko. "Baba! Mwambie asifute! Asifute!"

Ukuta wenyewe ulisikia.

Jofrey akasita. "Mzee, kuna mtu anaita?"

"Sijasikia mtu. Endelea."

Akabonyeza. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mikono kichwani. Ukifuta kwa amri namna ile hakuna kapu la taka la kwenda kuchokoachokoa. Mama yangu nimemzika mara mbili.

"Baba Lugano, ulimsikia mkweo au hukumsikia?"

Akachukua kofia, akatoka.

Siku tatu namuuliza swali hilo hilo. Siku tatu anatazama migomba.

Wanangu, tengenezeni nakala kabla fundi hajagusa kitu. Na heshima inayoziba masikio si heshima, ni kiburi kimevaa koti. Nimekasirika mpaka leo, sifichi.

Siku ya nne mzee akaja mwenyewe hadi mlango wa jikoni. Tusekile akaruka kujificha nyuma ya pipa.

"Usikimbie, mwanangu," akasema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Nilikusikia."