Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Muuzaji aliniapia kwamba gari lilikuwa la daktari mmoja, mwanamke, aliyeliendesha kwenda kazini na kanisani tu. Nairobi tumebarikiwa madaktari. Kila gari la kifahari lililochakaa nililoonyeshwa lilikuwa la mmoja wao, na wote walikuwa wacha Mungu.

Nililitaka hilo hilo: dogo, jeusi, lililoinuka kidogo, viti vya ngozi. Baba yangu aliwaendesha wakubwa miaka thelathini, akiwafungulia mlango wa nyuma wa kushoto, kisha jioni akirudi kwetu, mtaa wa Baba Dogo, kwa miguu. Nilitaka akae pale nyuma hata Jumapili moja, mimi bintiye nimwendeshe. Kwa hiyo nilipoona dashibodi haionyeshi hata taa moja ya hitilafu, nikamshukuru Mungu, nikalipa.

Jumamosi fundi wangu wa Kariobangi alinieleza kwamba taa zenyewe zilikuwa zimeng'olewa. Kazi safi sana, alisema, kama anayemsifu mwanafunzi wake. Akanionya nisiende nalo mbali. Nikamjibu kanisa si mbali.

Asubuhi yake nilimfungulia Baba mlango. Aliutazama kwanza, amevaa suti yake ya pekee, kisha akaingia taratibu na kufunga mkanda. Njia nzima alikosoa breki zangu. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Langoni mwa kanisa gari lilikohoa, likafuka moshi, likazima. Waumini walitukusanyikia kwa upendo mkubwa. Hakuna aliyesukuma, ila kila mmoja alikuwa na ushauri. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kujua kama hela hizo hazingetosha kununua ploti ya kujenga kule Kitui. Machozi yalinilenga. Nikageuka, nikamwomba Baba anisamehe, nikamwambia tushuke tumalizie kwa miguu.

Hakushuka. Alinyoosha tai, akaegemea kiti, akawapungia mkono wazee wenzake waliozoea kumwita Dereva.

"Mama," akaniambia, kwa sauti ya chini, "miaka yote gari likizima, mimi ndiye nilikuwa nashuka. Mkubwa alikuwa anabaki ndani. Nenda ufungue boneti."

Nikashuka na viatu vyangu vya visigino, nikaifungua, nikainamia vyuma nisivyovijua hata kimoja. Nilikaa hapo muda mrefu, makusudi, ili naye akae.